Yuko Wapi Mtoto Huyo?

 Tunawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, ninyi mlioko jikoni mkitenga chai, ninyi mlioko njiani kwenda kazini katika mahoteli ya Diani, ninyi wagonjwa mlioko vitandani kule Msambweni, na ninyi ndugu zetu wa Kinango mnaotazama mawingu na kuhesabu siku za mvua. 

Leo tunamwomba mwenye Biblia aifungue katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya nne, mstari wa nne. Ni mstari mmoja tu, nao umeingizwa katikati ya habari za vita na mauaji, kana kwamba mwandishi alikumbuka jambo akaogopa asije akalisahau. Unatupa habari za mtoto mmoja, mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli. Habari za kufa kwa baba yake na babu yake zilipofika kutoka Yezreeli, yaya wake alimbeba akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Jina lake ni Mefiboshethi, na siku hiyo alikuwa na umri wa miaka mitano.

Miaka mitano! Sisi wazazi twaujua umri huo. Ndio umri wa chekechea. Ndio umri wa sare iliyoshonwa kubwa ili ivaliwe hadi mwaka ujao, na wa viatu ambavyo mguu wa kulia huvaliwa kushoto. Mtoto huyu wa mfalme aliingia katika umri huo akiwa mzima, akatoka akiwa hawezi kutembea.

Tena tazameni, ndugu wasikilizaji, ya kwamba katika habari hii hakuna aliyekosa. Yaya hakumtupa mtoto. Alimpenda, alitaka kumwokoa. Mtoto naye hakufanya neno. Jambo lilitokea. Tuliweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Sasa tutawasimulia jambo letu sisi wenyewe. Si jambo la kujisifu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa moja la pwani hii ya kusini, sisi tunaosema nanyi leo tulikuwa wazee wa kanisa na wajumbe wa kamati ya shule ya chekechea. Shule yenyewe ni ndogo. Ni chumba kimoja cha matofali ya matumbawe nyuma ya kanisa, paa la mabati, na mwembe mbele yake. Wiki ya kwanza ya Januari tulitoa meza chini ya mwembe, tukafungua daftari, tukaanza kuandikisha watoto. Kufikia saa nne tulikuwa na majina arobaini na matatu.

Ndipo akaja mama mmoja, mshirika wetu, ambaye hufanya kazi ya udobi katika hoteli. Alikuwa amembeba mwanawe mgongoni kwa leso, lakini mtoto mwenyewe alikuwa mkubwa, hata miguu yake ilining'inia karibu na magoti ya mama. Ana mtindio wa ubongo. Shingo yake haina nguvu za kutosha, mikono hukakamaa anapotaka kushika kitu, na maneno humtoka polepole, kama mtu anayevuta maji kutoka kisima kirefu. Lakini mmoja wetu alipofanya mzaha na watoto waliokuwa foleni, huyu ndiye aliyecheka wa kwanza. Sote tulimsikia akicheka. Tunalisema hilo ili msidhani kwamba hatukujua kuwa mtoto anaelewa.

Tukamwambia, "Mama, hapa hatuna mwalimu wa watoto kama hawa. Wenzake wataogopa. Yafaa umtafutie shule maalum." Mmoja wetu akaongeza kwa sauti ya upole, "Nasi tutakuombea."

Mama hakubishana. Alisema, "Asanteni, wazee." Akaikaza leso upya, akaenda zake. Nasi tukaendelea na daftari.

Ilipita kama miezi miwili. Jioni moja mmoja wetu alikuwa akirudi kutoka kununua samaki, akapita nyuma ya msikiti, akasikia watoto wa chuoni wakisoma kwa pamoja. Alipochungulia, akamwona yule mtoto. Alikuwa amekaa juu ya mkeka pamoja na wenzake, mto umewekwa nyuma ya mgongo, ameegemea nguzo, na kinywa chake kinafuata. Mzee wetu akasimama pale na samaki wake mkononi. Maalim alipotoka, walisalimiana, kisha akamwuliza habari za mtoto yule. Maalim akasema, "Jirani yao, bibi mmoja, ndiye hushinda naye mamake akiwa kazini. Alimleta pamoja na wajukuu wake. Nikamwuliza, anasikia? Akasema, anasikia. Basi nikamwambia akae."

Swali moja, jibu moja, na mkeka. Hatusemi hivi ili kulinganisha dini na dini. Tunasema kwa sababu Bwana wetu alikwisha tusimulia habari za watu wa hekalu waliopita kando, na za mtu wa mbali aliyesimama, nasi siku zote tulipoihubiri habari hiyo tulijihesabu kuwa ni wale wanaosimama.

Tulipokutana kamati na kulizungumza jambo hili, tulitafuta kwa nini tulimkataa. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilionekana njema. Mwalimu ni mmoja. Choo ni cha shimo. Mtoto akianguka, nani atajibu? Lakini mzee mmoja, ambaye huwa hasemi sana, akatuuliza kama tungemkataa mtoto wa mwenyekiti wa kamati. Tukanyamaza. Basi tukajua kwamba tulichokuwa nacho siku ile ni hofu, nasi tuliivika nguo ya huruma.

Hofu hiyo ina mizizi. Katika nchi yetu hii ya Wadigo na Waduruma, wazee husema mtoto akidhoofika viungo ni chirwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa ndoa. Wengine husema ni pepo, wengine wamemtaja jirani. Sisi Wakristo twacheka mambo hayo, twasema ni giza. Kisha twafanya yetu. Twamwekea mtoto mikono, twaomba kwa sauti kuu, twakemea. Mtoto asipoinuka twamtazama mama yake, twamwuliza kama kuna dhambi ambayo hajaungama, au kama imani yake ni haba. Ndugu zangu, tofauti iko wapi? Hiyo ni chirwa iliyobatizwa. Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, wanafunzi walimwuliza Bwana swali hilo hilo juu ya mtu aliyezaliwa haoni: ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Bwana akawajibu kwamba si huyu wala si hao. Wengi wetu twaisoma sura hiyo kwa ajili ya muujiza, twaruka jibu.

Watu wa hospitali nao wana majibu yao, nayo hayana siri. Mtoto aweza kukosa hewa wakati uchungu wa kuzaa umekuwa mrefu na hospitali iko mbali. Aweza kuwa na manjano kali siku za kwanza. Malaria iliyopanda kichwani yaweza kumwacha hai lakini imeharibu ubongo, kusikia au kuona, na sisi watu wa pwani twaijua malaria. Wenzetu wa Kilifi walifanyiwa uchunguzi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Watoto zaidi ya 10,000 wa umri wa miaka sita hadi tisa walipimwa, ikaonekana kwamba kwa kila watoto 1,000, watoto 61 wana udhaifu wa namna hiyo ulio wa kadiri au mkubwa. Hesabu hiyo ni ya Kilifi, lakini mbu wa Kilifi na wa Msambweni ni ndugu. Fikirini shule yenye watoto mia tano. Tungetazamia kuwaona kama thelathini. Je, twawaona? Na kama hatuwaoni shuleni, wala hatuwaoni Shule ya Jumapili, wako wapi?

Swali hilo laturudisha kwa Mefiboshethi.

Fungueni sasa sura ya tisa ya kitabu kile kile. Miaka mingi imepita. Daudi ni mfalme, anakumbuka agano lake na Yonathani, anauliza kama amesalia mtu yeyote wa nyumba ya Sauli apate kumtendea wema. Wanamletea mtumishi mmoja, jina lake Siba. Siba anajibu kwamba yuko mwana mmoja wa Yonathani, naye ni mlemavu wa miguu. Mnasikia? Hakutaja jina, wala umri, wala kwamba ana mtoto mdogo aitwaye Mika. Alitaja miguu. Labda alitaka kumwonya mfalme: huyu hatakufaa, hatapendeza barazani.

Daudi hakuuliza miguu ina nini. Hakuuliza aliipataje, wala ni nani aliyemwangusha, wala kama imekwisha ombewa. Aliuliza neno moja tu: yuko wapi?

Naye alikuwa Lo-debari, katika nyumba ya mtu mwingine. Mfalme hakungoja aje mwenyewe. Alituma watu wakamchukue, akaletwa. Na sura yote inaishia mahali ambapo wahubiri wengi hawapapendi. Mefiboshethi alikula siku zote mezani pa mfalme kama mmoja wa wana wa mfalme, na miguu yake yote miwili ilikuwa imelemaa. Miguu haikupona katika sura ile. Kilichotokea ni meza. Twawaomba wachungaji wenzetu wanaotusikiliza waikae sura hii juma zima kabla ya kuandaa mkutano mwingine wa uponyaji.

Sasa mtu atasema: lakini shule maalum zipo, kwa nini tusiwapeleke huko? Swali ni la haki, wala hatutaki kulijibu kwa pupa.

Shule hizo ni kazi njema, tena nyingi zilianzishwa na makanisa wakati ambapo hakuna mwingine aliyewafikiria watoto hawa. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946. Kanisa la Anglikana kule Tanganyika lilifungua ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Hapa kwetu tuna shule ya wasioona Likoni, na shule ya viziwi hapo Kwale mjini. Mtoto asiyesikia ahitaji wenzake wanaozungumza kwa mikono, kama vile mtoto mwingine ahitajivyo watu wa kusema naye. Ukimweka peke yake kati ya wanaosikia wasiojua ishara hata moja, umemfungia gerezani penye watu wengi. Kwa mtoto huyo shule ya viziwi yaweza kuwa ndiyo meza ya mfalme. Hatusemi shule hizo zifungwe.

Tunalosema ni kwamba sisi tulilitumia jina la shule maalum kama mlango wa kumtolea mtu nje. Hatukuuliza iko wapi, ina nafasi, ni ya bweni au ya kwenda na kurudi, wala kama mtoto wa miaka mitano asiyeweza kuvua nguo mwenyewe aweza kulala huko bila mama yake. Hatukumpa mama yule hata nauli ya tuktuk. Na kwa mtoto wake, aliyesikia na kuelewa na kucheka, jambo alilokosa halikuwa mwalimu wa ajabu. Lilikuwa kiti.

Sheria ya nchi nayo iko upande wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima. Haikusema kila mtoto anayetembea. Kifungu cha 54 chasema mwenye ulemavu ana haki ya kusoma katika shule zilizo pamoja na jamii kwa kadiri ya manufaa yake mwenyewe. Angalieni neno hilo, manufaa yake yeye, si raha yetu sisi. Kifungu hicho hicho chataka aitwe kwa jina lisilomdhalilisha. Hapa tuseme kidogo juu ya lugha yetu. Kiswahili ni kitamu, lakini kimewaweka watu hawa katika safu moja na kiti na kikapu: kipofu, kiziwi, kiwete. Mtoto mwenye ualbino huitwa zeruzeru hata na mwalimu wake. Wengine hawana hata hilo. Huitwa "yule wa Mama Fulani asiyetembea". Ana jina. Lilitajwa siku aliyobatizwa, nasi tulikuwapo.

Basi tulikwenda kumtafuta. Tulikwenda watatu, Jumamosi jioni, tukijua mama yuko nyumbani. Alitukaribisha kama ilivyo desturi, akatoa viti, akaagiza soda dukani. Tulisema tuliyokuja kusema, kwamba tulikosa, na kwamba tungependa mtoto aje muhula wa pili. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wazee, mlisema mtaniombea. Mlikuwa mkiomba nini?"

Hatukuwa na jibu, maana ukweli ni kwamba hatukuwa tumeomba chochote.

Mtoto alikuja muhula wa pili. Tusiwadanganye kwamba yote yalikuwa mepesi. Mama mmoja alimwondoa binti yake, akasema ugonjwa huo unaambukiza. Mtindio wa ubongo hauambukizi kamwe, lakini hakurudi. Mwalimu wetu, ambaye ana watoto zaidi ya arobaini, alilia siku ya tatu. Akina mama wa kanisa walijitolea kusaidiana zamu za kumpeleka mtoto chooni, zamu zikaenda vizuri majuma mawili, zikaisha kama zinavyoisha zamu nyingi za kanisa. Aliyetuokoa ni yule bibi jirani, mcha Mungu wa dini ya Kiislamu, aliyekubali kuja kila siku saa tatu na saa tano. Tunampa kitu kidogo. Yeye hukaa chini ya mwembe akisuka ukili, na watoto wote sasa humwita Bibi.

Kiti nacho kina habari yake. Huko Msambweni, hospitali ilituonyesha jinsi mtoto anavyopaswa kukaa: kiuno kirudi nyuma kabisa, magoti yakunjwe sawasawa, miguu ikanyage kitu, na meza mbele ya kifua ili mikono ipate mahali pa kutulia. Mtoto ambaye shingo na mgongo havijashikwa hutumia nguvu zake zote asianguke, hazibaki za kusoma. Sisi tulidhani ni mzito wa akili, kumbe alikuwa amechoka. Tukaambiwa pia kwamba kiti cha namna hiyo chaweza kutengenezwa kwa maboksi ya dukani na uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, ukaushwe juani hadi uwe mgumu kama ubao. Ufundi huo ulianza Zimbabwe, ukaenea Afrika. Wa kwanza tuliutengeneza wakati wa mvua za masika, haukukauka, ukaota ukungu. Wa pili fundi seremala wetu aliutengeneza kwa mbao, kwa vipimo vile vile, naye hakutaka malipo.

Tangu hapo tumejifunza kutazama. Kuna msichana aliyekuwa akikaa nyuma na kuitwa mvivu, maana hakunakili kitu ubaoni. Mwalimu alimsogeza mbele, akaanza kunakili. Kumbe haoni mbali. Alipelekwa kituo cha macho cha Kwale, kilichoanzishwa mwaka 1993, sasa ana miwani. Kuna mvulana aliyepigwa mara nyingi kwa kutotii, na masikio yake yalikuwa yakitoa usaha. Hakuwa akisikia alichoagizwa. Mtoto mwenye ualbino hukaa mbali na dirisha, avae kofia na mikono mirefu hata wakati wa mchezo, na karibu na ubao, kwa sababu macho yake pia ni dhaifu. Mambo haya hayakutaka fedha. Yalitaka mtu ainue macho kutoka kwenye daftari.

Kwa wazazi wanaotusikiliza: viko vituo vya tathmini vya elimu, vilivyoanza nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ambako mtoto hupimwa na mzazi kushauriwa ni shule ipi itamfaa. Ulizeni katika ofisi ya elimu ya kaunti. Msingoje mtoto afike miaka kumi. Na kwa walimu wa chekechea, ambazo tangu mwaka 2013 ziko mikononi mwa serikali za kaunti: msiseme hamkusomea. Wachache wamesomea. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya ilianzishwa mwaka 1986, nayo haiwezi kumfikia kila mwalimu wa kila kijiji. Anzeni na mnachokijua, ulizeni msichokijua.

Watoto wenyewe walitushangaza, ingawa pengine hatukupaswa kushangaa. Tulisema wataogopa. Siku mbili walimkodolea macho. Siku ya tatu waligombania ni nani atakayemsukuma. Wanapocheza mpira wa makaratasi yeye ndiye refa, kwa kuwa ana sauti kubwa na hapendelei mtu, nao humtii kuliko wanavyomtii mwalimu. Mtoto mmoja mdogo humtafsiria. Sisi twasikia sauti tu, yule mdogo asema, "Anataka maji," na kweli anataka maji. Dar es Salaam iko shule ya msingi ya serikali iitwayo Uhuru Mchanganyiko, ambamo watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine husoma pamoja na wenzao. Twalipenda jina hilo. Mchanganyiko, kama mchanga na saruji.

Na saruji ndiyo iliyobaki. Januari hii mtoto wetu amemaliza chekechea, anapaswa kuingia Gredi ya Kwanza katika shule ya msingi iliyo juu ya barabara. Darasa lina ngazi tatu. Choo kiko mbali, na mlango wake ni mwembamba kuliko kiti. Mwalimu mkuu hakukataa, wala hakukubali; alisema, "Tutaona," na sisi twalijua neno hilo, maana tulilitumia. Tumenunua mifuko minne ya saruji, imo katika stoo ya kanisa. Mchanga tumeahidiwa. Fundi amesema njia ya kuteremka kwa ngazi tatu yataka urefu wa hatua kama saba au nane ili isiwe mkali, na kwamba yaweza kumalizika kwa siku mbili kama watu watajitokeza. Tutakuwa pale Jumamosi ijayo asubuhi. Aliye karibu na aje na jembe.

Jumapili hii pia, baada ya ibada, kila kanisa linalotusikia na lichukue orodha ya washirika wake, nyumba kwa nyumba, na kuuliza ni nyumba gani ina mtoto ambaye hatujapata kumwona. Msiulize ana nini. Kisha watu wawili waende.

Tuombe.

Ee Bwana, mtoto wetu anakujua kwa jina, nasi tulichelewa kumjua. Mkumbuke mama yake anayefua mashuka ya wageni tangu alfajiri. Mkumbuke Bibi, na Maalim, uwabariki nyumbani mwao. Mpe mwalimu mkuu moyo mwepesi juma hili. Utuzuilie mvua mpaka Jumatatu, saruji ipate kushika. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, kwaherini hadi juma lijalo.